Maji ya Rejeta Yanapungua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanalenga magari yaliyojaa barabara za Uganda: Toyota ndogo za petroli kama Premio, Wish na Noah, Harrier na Ipsum, Subaru Forester, pamoja na dizeli za Prado, Surf na Hiace. Mengi yanafaa gari lolote lenye rejeta. Tukisema "maji" tuna maana ya kilichomo ndani ya mfumo, kiwe kulanti (kimiminika cha rangi cha kupozea injini) au maji matupu.

Naongeza maji kila wiki. Si kawaida ya gari kuukuu?

Hapana. Mfumo wa kupozea injini umefungwa, na umri wa gari haunywi maji. Yanayopanda na kushuka kwa kawaida ni yale ya kwenye tangi la akiba: injini ikipata moto maji hutanuka na kusukumwa huko, ikipoa hurudi kwenye rejeta. Ukipima kila asubuhi injini ikiwa baridi, kimo kinapaswa kubaki palepale kwa miezi. Kikishuka, kuna mahali maji yanapita, na kazi yote ni kupajua mahali hapo kabla ya kununua spea yoyote. Wenye magari wengi hubadilisha rejeta, kisha pampu, kisha thermostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta), na mwisho wanakuta tatizo lilikuwa kifuniko.

Kabla sijaenda gereji, nifanye nini?

Pima. Bandika kipande cha selotepu kwenye tangi la akiba, usawa wa maji asubuhi injini ikiwa baridi, na uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Fungua pia kifuniko cha rejeta (injini ikiwa baridi kabisa, hapa hakuna mzaha) uone kama maji yamefika shingoni. Ukiongeza, ongeza kwa chupa ya soda ya nusu lita ili ujue kiasi. Baada ya siku chache utakuwa na jambo la kumwambia fundi: "nusu lita kwa kilomita 300" linamsaidia kuliko "yanaisha haraka".

Andika pia hali ya safari. Yalipungua baada ya foleni ya Jinja Road? Baada ya kupanda Kabale? Au gari lilikuwa limeegeshwa tu usiku kucha? Majibu ya maswali hayo matatu yanaelekeza sehemu tofauti za gari.

Usiku tandaza boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini. Doa litakuonyesha rangi ya kinachovuja na upande kinakotokea, ingawa maji hutambaa juu ya vyuma kabla ya kudondoka, kwa hiyo doa halikai chini ya tundu lenyewe kila mara.

Boksi ni kavu lakini maji yanapungua. Yanaenda wapi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni uvujaji mdogo wa nje unaotokea injini ikiwa moto tu: matone yanaangukia chuma chenye joto la nyuzi 90 na zaidi, yanakauka kabla ya kufika chini. Yanaacha alama ya ukoko wa waridi, kijani au mweupe. Ya pili ni kupitia kifuniko: maji yanasukumwa hadi tangi la akiba, tangi linajaa na kumwaga barabarani ukiwa unaendesha. Ya tatu ni ndani ya injini, kupitia gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake) au ufa, yanachomwa na kutoka kwenye ekzosi, au yanaingia kwenye oili.

Fuata mpangilio huo. Njia ya kwanza na ya pili ndizo zinazotokea mara nyingi, na ndizo za bei nafuu kurekebisha.

Naona matone chini upande wa abiria. Ndiyo hayo?

Kama ulikuwa umewasha AC, huenda ni maji ya AC tu. Chovya kidole: ya AC ni maangavu, hayana harufu wala utelezi. Kulanti ina rangi, inateleza baina ya vidole na ina harufu tamu. Usiionje, ni sumu, na mbwa huvutwa na utamu wake. Dimbwi likimwagika uani lioshe.

Lakini zulia la ndani likilowa karibu na miguu, vioo vikaingia ukungu wenye mafuta na kukawa na harufu tamu, basi rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja. Kwa kuwa Kampala hakuna anayehitaji hita, mafundi wengi huunganisha mipira yake miwili pamoja na kuiruka. Inakubalika kama suluhisho la muda, mradi wakitumia kiungio cha chuma na klipu nzuri, maana kwenye injini nyingi maji ya hita ni sehemu ya mzunguko na mipira hiyo haipaswi kuzibwa tu.

Nikague sehemu zipi, na ninatafuta nini hasa?

Tumia tochi, injini ikiwa baridi na bado haijaoshwa. Kuosha injini kabla ya ukaguzi ni kufuta ushahidi.

Anza na rejeta. Nyingi siku hizi zina matangi ya plastiki juu na chini (au pembeni) yaliyokunjiwa kwenye kiini cha alumini. Plastiki huzeeka na kugeuka kahawia, kisha hupata ufa mwembamba kwenye mkunjo au kwenye shingo inapoingia mipira. Ufa wa aina hiyo hufunguka chini ya presha tu. Gari likipoa huwezi kuuona ila kwa ukoko.

Kisha mipira. Ibinye yote: ikiwa laini kama sponji au inalia kwa ukavu, imekwisha. Angalia miisho, chini ya klipu. Ukikuta imefungwa kwa waya au kipande cha tyubu ya baiskeli, hapo ndipo pa kuanzia. Klipu za skrubu zikikazwa kupita kiasi hukata mpira; klipu za springi za kiwandani hufuata mpira unapotanuka na kunywea, usizitupe bila sababu. Kuna uvujaji unaoonekana asubuhi ya baridi tu, kwa sababu chuma na mpira vimenywea. Injini ikipata moto unaziba wenyewe.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shafti yake, lililowekwa makusudi: sili ya ndani ikianza kufa, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukoko wa waridi chini ya tundu hilo, au puli inayocheza ukiishika, unamaanisha pampu inaelekea kufa. Madoa makavu kidogo si dharura. Unyevu ni dharura. Kwenye Subaru za injini ya EJ na dizeli kadhaa, pampu huendeshwa na mkanda wa taimingi na imejificha nyuma ya kava, kwa hiyo ukibadilisha mkanda badilisha na pampu. Kazi ya kufungua ni ileile.

Usisahau nyumba ya thermostati na oringi yake, vizibo vya duara vya chuma kwenye ubavu wa bloku (hutoboka kwa kutu pale maji matupu yanapotumiwa miaka mingi), na kimpira chembamba kinachotoka shingo ya rejeta kwenda tangi la akiba. Kimpira hicho kikipasuka, maji hutoka yakiwa moto, na injini ikipoa inavuta hewa badala ya maji. Rejeta inapungua kila siku huku tangi likibaki limejaa, na mwenye gari anayetazama tangi peke yake hajui.

Kifuniko cha rejeta kina umuhimu gani? Si kizibo tu?

Ni vali mbili. Moja hushikilia presha hadi kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa Toyota nyingi 0.9 au 1.1 (karibu sawa na baa), nyingine hufunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka tangi la akiba.

Presha hiyo ndiyo inayozuia maji kuchemka. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale ni karibu 93. Injini ya kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Yaani bila presha, maji ya injini nzima yanaweza kuchemka hata kama hakuna kilichoharibika. Kifuniko kizima cha 1.1 hukupeleka hadi karibu nyuzi 120 kwa maji matupu, na zaidi kidogo kwa mchanganyiko wa kulanti.

Kagua mpira wa chini: usiwe na ufa wala mfereji mgumu. Vuta kidogo vali ndogo ya katikati. Inapaswa kurudi yenyewe. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea asubuhi, vali hiyo ya kurudishia imeganda. Nunua kifuniko chenye namba ileile. Kuweka cha presha kubwa ili "kuzuia kuchemka" hupasua tangi la plastiki. Kwenye maduka ya spea ya Kisekka na Ndeeba, Kampala, utakuta vipya vyenye maandishi mazuri na springi dhaifu, kwa hiyo mwombe fundi akipime kwa pampu ya kupimia presha kabla ya kukiamini.

Kupima kwa presha kunafanywaje?

Fundi anafunga pampu ndogo ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, halafu anapampu hadi namba ya kifuniko, asizidishe. Sindano inapaswa kutulia kwa dakika 10 hadi 15. Ikishuka, tafuta unyevu kwa tochi na kioo kidogo. Ikishuka na nje ni kukavu kote, chomoa plagi, zungusha injini kwa stata na utazame kama maji yanarushwa kutoka kwenye tundu lolote. Ikitulia baridi, rudia injini ikiwa na vuguvugu.

Gereji isiyo na kifaa hiki inabahatisha. Hii ni hukumu kali, lakini bei ya kifaa ni ndogo kuliko ya rejeta moja iliyobadilishwa bure.

Linachemsha kwenye foleni tu, barabara kuu halina shida.

Tazama feni. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unapoza rejeta. Ukisimama, feni peke yake ndiyo inayofanya kazi. Washa AC: kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, kagua fyuzi, kisha relei (badilishana na relei nyingine ya aina ileile kwenye boksi), kisha plagi ya mota. Mota inayozunguka polepole kwa sababu brashi zimekwisha hudanganya wengi: inazunguka, ila haivuti hewa.

Kwenye dizeli zenye feni ya mkanda, klachi ya feni ndiyo mtuhumiwa. Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure bila ukinzani, imekufa.

Na likichemsha milimani tu?

Hapo injini inazalisha joto jingi na rejeta haiwezi kulitoa. Mara nyingi imeziba, kwa nje au kwa ndani. Kwa nje ni vumbi la murram na wadudu kati ya rejeta na kondensa ya AC, mahali pasipoonekana mpaka uzitenganishe. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana presha kubwa hulaza mapezi. Kwa ndani ni magadi ya maji ya kisima. Pitisha mkono juu ya kiini injini ikiwa imezimwa na ina vuguvugu: mistari ya baridi ni mirija iliyoziba. Gasketi inayoanza kufa pia hujionyesha kwanza mlimani.

Fundi anasema tuondoe thermostati, "huku kwetu ni joto".

Kataa. Thermostati ya kawaida ya Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo injini haipati joto lake, inanywa petroli zaidi na silinda zinalika haraka. Kuna jambo baya kuliko hilo ambalo mafundi wengi hawalizingatii: kwenye injini nyingi thermostati ina kisahani cha pili chini yake, kinachofunga njia ya mkato wakati injini ina moto. Ukiiondoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha mlimani. Ulichoondoa ili kuzuia kuchemsha ndicho kinacholeta kuchemsha.

Kuipima ni rahisi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Lazima ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa juu yake, na kufikia karibu nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiwa Kabale au Kisoro maji yatachemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo usiilaumu thermostati kwa kutofunguka yote. Unapoirudisha, kijitundu chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa ipite, isipokuwa mwongozo wa injini yako useme vingine.

Nitajuaje kama ni gasketi ya hedi?

Dalili moja haitoshi. Moshi mweupe asubuhi unaweza kuwa mvuke tu. Ukiendelea kwa wingi baada ya injini kupata moto, na una harufu tamu, tia shaka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kipimio ni ushahidi mzito; povu kidogo chini ya kifuniko cha oili pekee kwa gari la safari fupi si ushahidi. Plagi moja iliyo safi kuliko wenzake imeoshwa na mvuke. Mpira wa juu ukiwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata joto, ni gesi ya silinda inayousukuma.

Kipimo kinachofunga mjadala ni kile cha kimiminika cha bluu. Punguza maji kidogo kwenye shingo ya rejeta ili yasivutwe, weka kifaa, acha injini yenye moto iungurume huku ukivuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye kimiminika. Kikigeuka manjano, kuna gesi ya mwako. Rudia mara mbili, na mara ya pili injini ipewe mzigo kidogo, kwa sababu ufa mdogo haufunguki injini ikiunguruma tu. Kisicho na rangi mpya hakikuondolei shaka yote: gasketi inaweza kuvuja maji nje au kwenye oili bila gesi kuingia kwenye maji.

Kuna injini zenye ugonjwa unaojulikana?

Zipo. 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyo kwenye Harrier na Ipsum nyingi, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000: nyuzi za bolti za hedi zinachomoka kwenye bloku ya alumini, kwa kawaida upande wa nyuma, na maji yanavuja kati ya hedi na bloku mahali pasipoonekana bila kioo. Kuweka gasketi mpya peke yake ni kupoteza pesa, bolti hazitashika. Lazima matundu yatobolewe na kuwekwa bushi za chuma zenye nyuzi mpya.

Subaru EJ25 inajulikana kwa gasketi. Kagua chini ya hedi zote mbili, mahali zinapokutana na bloku. Dizeli ya 1KZ-TE ya Prado na Surf hupasuka hedi ikichemshwa hata mara moja, kwa hiyo hedi ipimwe ufa kwa presha kabla ya kufungwa.

Kwenye rejeta kuna mafuta ya waridi kama maziwa ya strobeli.

Simamisha gari leo. Gari la gia otomatiki hupitisha mafuta ya gia ndani ya tangi la rejeta ili yapoe; ukuta ukitoboka, mafuta na maji vinachanganyika. Maji yakifika kwenye gia yanaharibu klachi zake kwa muda mfupi. Livutwe kwa breki-dauni, lisiendeshwe. Rejeta inabadilishwa, na gia inasafishwa mara kadhaa.

Nitumie maji gani?

Kulanti na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, nusu kwa nusu. Baridi ya kugandisha si tatizo letu, lakini dawa za kuzuia kutu zilizomo ndizo zinazolinda alumini na pampu. Maji ya kisima yana magadi. Ya paa la mabati yana vumbi na kutu. Ya bomba ni afadhali kwa dharura tu. Ukinunua "maji ya betri" soma chupa vizuri, maana zipo zenye asidi.

Rangi si aina. Waridi za kampuni mbili zinaweza kuwa na kemia tofauti, kwa hiyo ukiwa na shaka, mwaga yote, suuza, jaza upya. Gari dogo la lita 1.5 hadi 1.8 huchukua takribani lita 5 hadi 7.

Baada ya kujaza bado linachemsha.

Kuna hewa ndani. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la juu kabisa, jaza polepole, acha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi huku ukibinya mpira wa juu. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, ongeza, funga. Kagua tena kesho yake asubuhi. Kushuka kidogo mara hiyo moja ni kawaida.

Dawa ya kuziba tundu, au ute wa yai?

Ute wa yai hapana. Dawa ya kopo ni ya kukufikisha nyumbani, na baada yake mfumo usuuzwe, kwa sababu haichagui: inaziba tundu na inaziba pia mirija ya rejeta na ya hita.

Geji ilikuwa katikati, kisha injini ikafa. Inawezekanaje?

Sensa husoma joto la maji. Maji yakiisha inakaa kwenye hewa au mvuke, na geji inaweza hata kushuka. Tena geji nyingi za Toyota zimepangwa zikae katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi, na Vitz kadhaa zina taa tu. Adapta ya OBD (kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari) ikiunganishwa na simu hukuonyesha namba halisi. Ikipita 105 na inaendelea kupanda, egesha.

Ukiegesha, zima injini, fungua boneti, ngoja dakika 45. Usimwagie injini maji baridi. Hedi ya alumini inapinda. Usifungue kifuniko kwa kitambaa eti kwa sababu una haraka. Maji yenye nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo usoni.

Gasketi inabadilishwa. Nimdai fundi nini?

Hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na filagheji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa Toyota nyingi kikomo ni milimita 0.05, ikizidi inaskimiwa (inasagwa iwe tambarare). Bloku nayo ipimwe, jambo linalorukwa kila siku. Bolti za hedi za aina inayovutika zikikazwa ziwe mpya, zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa hatua na mpangilio wa kitabu, kutoka katikati kwenda nje. Matundu ya bolti yakaushwe, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini yanaweza kupasua bloku bolti inapokazwa. Silikoni isipakwe juu ya gasketi ya chuma. Na sababu iliyochemsha injini mara ya kwanza, iwe feni, kifuniko au rejeta, irekebishwe kabla ya kuwasha.